Barua ya wazi kwa wakuu wa NCAA: anzeni na mpiga deki

Kwa Rais wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, na Wajumbe wa Bodi ya Magavana,
Indianapolis, Indiana.

Salaam. Natumai barua hii itawakuta nyote wazima. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ni mgongo tu ndio unaonisumbua, na sababu yake mtaijua sasa hivi.

Naitwa Mama Zuhura. Kwetu ni Tanga, Ngamiani, ila huu ni mwaka wa kumi na saba niko Ohio, nabeba boksi kama wanavyosema vijana. Boksi langu mimi ni dekio. Nasafisha jengo la michezo la chuo kimoja ambacho sitakitaja, zamu ya saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Mwanangu Zuhura anakimbia mita 1,500 na mbio za nyika, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na makocha wa vyuo vilivyo chini yenu wameanza kupiga hodi nyumbani. Kwa hiyo ninawaandikia nikiwa na vyeo viwili, mpiga deki na mzazi, na sijui kipi kinanitia wasiwasi zaidi.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayowazia nikiwa na hasira. Na msijifanye wageni wa wasemaji wake. Suleiman Nyambui wa kwetu alikimbilia chuo cha El Paso, akawaletea mataji mpaka mkachoka kuhesabu. Henry Rono mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam akachezea Connecticut, na mwaka 2009 akawa wa pili kuchaguliwa kuingia NBA. Juzi tu, 2024, Doris Lemngole wa Kenya alichukua taji lenu la mbio za nyika akiwa Alabama. Makocha wenu wanaifahamu Iten, mji wa wakimbiaji wa Kenya, kuliko shemeji zangu wanavyoifahamu Korogwe. Mkalimani hamtamkosa.

Jambo langu ni hili. Chuo kikikutwa na uhalifu ndani ya idara yake ya michezo, nyinyi wakubwa wa michezo muadhibu, au mkae pembeni muwaachie polisi na mahakama? Swali hilo mmelijibu mara mbili kwa majibu yasiyoonana uso kwa uso, na mimi naona mara zote mbili mmekosea.

Nianze na mwenzangu wa kazi.

Mwaka 2000, majira ya majani kupukutika, mpiga deki mmoja wa chuo cha Penn State, jimbo la Pennsylvania, alikuwa zamu ya usiku kwenye jengo la Lasch, ambako timu ya futiboli ya Kimarekani hubadilishia nguo. Akamkuta Jerry Sandusky bafuni akimdhalilisha mtoto wa kiume. Sandusky alikuwa ameshastaafu ukocha mwaka 1999, lakini makubaliano yake ya kustaafu yalimwachia ofisi na ruhusa ya kutumia majengo. Yule mpiga deki alikuwa mtu mzima aliyepigana vita vya Korea. Alitoka anatetemeka, akawaambia wenzake kwamba vitani aliona watu wamefumuliwa matumbo, lakini alichokiona usiku ule hatakisahau maisha yake. Mwenzake mwingine, usiku huohuo, aliona miguu ya watu wawili kwenye bomba la kuogea, kisha akawaona wakitoka, mkubwa na mdogo, wameshikana mikono. Msimamizi wao akawaeleza ni nani wa kumwambia kama wanataka kusema.

Hawakusema. Ripoti ya Louis Freeh, mkuu wa zamani wa FBI, ilipotolewa Julai 12, 2012, iliandika sababu yao bila kuficha: waliogopa kufukuzwa kazi. Mmoja alieleza kwamba kwa macho yake, kulisema jambo lile kungekuwa sawa na kupambana na Rais wa Marekani, na kwamba pale chuoni anayetawala ni futiboli.

Ripoti ile ni ndefu, kurasa zaidi ya 200. Watu wengi wanakumbuka yaliyoandikwa juu ya kocha mkuu Joe Paterno. Mimi nimeshikilia ukurasa wa wapiga deki. Nawaelewa, na si kwa kusimuliwa.

Jengo ninalosafisha lina bafu la pamoja lenye mabomba kumi na manane. Nikiingia huwa ukuta bado una joto, taulo zimetupwa chini, dawa ya kuchua misuli inachoma pua. Shingoni nina kadi ya plastiki inayofungua milango yote, mpaka wa ofisi ya kocha mkuu, ambaye kwa miaka tisa hajawahi kuniuliza jina. Ndani ya stoo yetu ya sabuni pamebandikwa karatasi yenye namba ya kupiga ukiteleza ukaumia. Ukimwona mwenzako anaumizwa na mtu, hakuna namba.

Usiku mmoja wa baridi kali, mwaka wangu wa kwanza pale, nilipita ukumbi wa mazoezi yapata saa saba nikakuta kocha msaidizi na kijana mmoja. Kijana anapandishwa ngazi na kushushwa, anapandishwa na kushushwa. Adhabu, ya kosa gani sikujua. Akatapika kwenye ngazi ya tatu. Kocha akanitazama, akanyoosha kidole chini. Nikachovya dekio, nikafuta, nikakamua, nikaondoka na ndoo yangu. Aliyeniomba radhi ni yule kijana. Sikumwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Mwaka 2018 niliposikia kuwa Jordan McNair, mchezaji wa futiboli wa miaka 19 wa chuo cha Maryland, ameanguka kwa kiharusi cha joto mazoezini Mei 29 na kufa wiki mbili baadaye, nilikaa kitandani nikazihesabu zile ngazi.

Basi nawahukumu kama mtu aliyekwisha kunyamaza. Nadhani ni haki mlijue hilo kabla hatujaendelea.

Julai 23, 2012 nilikuwa bado nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee. Runinga ya ukumbini ilikuwa wazi. Mark Emmert, aliyekuwa rais wenu, akasoma adhabu ya Penn State: faini ya dola milioni 60, kiasi cha mapato ya futiboli ya chuo kile kwa mwaka, miaka minne bila kucheza mechi za baada ya msimu, nafasi za ufadhili wa wachezaji kushushwa kutoka 85 hadi 65, na ushindi wote kuanzia 1998 hadi 2011 kufutwa, jumla mechi 112. Paterno, aliyekwisha kufariki Januari mwaka huo, akateremshwa kutoka ushindi 409 hadi 298. Sanamu yake ilikuwa imeng'olewa siku moja kabla. Nilipiga makofi na kijiko cha uji mkononi. Mzee niliyekuwa namlisha alikuwa shabiki. Alinuna, hakula tena asubuhi ile.

Makofi yale nimeyajutia, si siku moja, ni kidogo kidogo.

Sandusky mwenyewe alikuwa ameshatiwa hatiani mwezi Juni kwa makosa 45, na Oktoba akapewa miaka 30 hadi 60. Hilo lilikuwa la mahakama na mahakama ililimaliza. Sasa adhabu yenu nyinyi ilimwangukia nani? Wiki ileile wachezaji Michael Mauti na Michael Zordich walisimama mbele ya kamera, wenzao nyuma yao, wakasema hawaihami timu. Wengine waliondoka, na sheria mliyowalegezea iliwaruhusu. Waliobaki walishinda mechi 8 wakafungwa 4. Lakini fikirini umri wao. Februari 2001, Mike McQueary, msaidizi wa makocha, aliposhuhudia kitendo kingine cha Sandusky kwenye mabafu yaleyale na kumwendea Paterno kesho yake asubuhi, vijana hawa walikuwa shule ya msingi. Umri wa wale watoto waliokuwa wakidhalilishwa. Waliobeba mzigo wenu kwa sehemu kubwa ni vijana ambao, kama wangezaliwa mtaa mwingine, wangekuwa upande wa waathirika.

Waliojua walikuwa wengine. Mkurugenzi wa michezo Tim Curley na makamu wa rais Gary Schultz walikiri mahakamani mwaka 2017 kosa la kuhatarisha ustawi wa watoto. Rais wa chuo, Graham Spanier, akatiwa hatiani mwaka huohuo. Hakuna hata mmoja aliyekaa jela zaidi ya miezi mitatu.

Na kile kufuta ushindi, niseme kweli, sijawahi kukielewa. Mtoto aliyedhalilishwa anafaidika nini mechi ya mwaka 1999 ikiandikwa kwamba haikushindwa na mtu? Mechi ilichezwa, watu walilowa mvua, wakaimba wakarudi nyumbani. Halafu Januari 16, 2015 mkazirudisha zote katika suluhu ya kesi, 298 zikawa 409 tena, kama mtu anayerudishiwa chenji dukani. Marufuku ya mechi za baada ya msimu mlikuwa mmeshaiondoa Septemba 2014. Kesi hiyo, iliyofunguliwa na seneta wa jimbo Jake Corman, ndiyo iliyotoa hadharani barua pepe za maofisa wenu za Julai 2012, wao kwa wao, wakitilia shaka kama mna mamlaka hayo, na mmoja akiueleza mpango mzima kuwa ni mkwara. Kwa hiyo mlipiga mkwara, chuo kikaogopa kikasaini. Hamkuchunguza wenyewe, hamkupita kwenye kamati yenu ya makosa, mliokota ripoti ya mtu mwingine mkaifanya hukumu. Kwetu hata mzee wa mtaa akiamua kesi ya kuku huwaita pande zote mbili barazani.

Jambo moja jema lilibaki: ile milioni 60 ilikubaliwa ikae Pennsylvania kwa kazi ya kuwalinda watoto na kuwasaidia walioumizwa. Hilo nalisema bila kuvutwa ulimi.

Baada ya pale mkaogopa. Mkatoka kupiga kila kitu mkaingia kutogusa chochote.

Chuo cha Michigan State kilikuwa na daktari, Larry Nassar. Mimi mama wa binti mwanamichezo habari hii siwezi kuisoma hadi mwisho kwa mkao mmoja, maana baadhi ya mabinti aliwadhalilisha mama zao wakiwa chumba hichohicho, yeye amejikinga kwa mgongo wake. Wapo waliosema walimweleza kocha tangu 1997. Januari 2018 wasichana na wanawake 156 walisimama au walisomewa maelezo yao mbele ya Jaji Rosemarie Aquilina, na Nassar akapewa miaka 40 hadi 175. Chuo kikakubali kulipa dola milioni 500. Wizara ya Elimu ikakitoza chuo dola milioni 4.5 mwaka 2019. Nyinyi je? Agosti 2018 mliwaandikia kwamba hamkuona kanuni yenu iliyovunjwa.

Kisha chuo cha Baylor. Huko malalamiko ya wanawake waliobakwa na kupigwa na wachezaji yalikaliwa mpaka kocha Art Briles akafukuzwa mwaka 2016. Miaka mitano mkafikiri. Agosti 2021 kamati yenu ikasema, kwa shingo upande, kwamba kushindwa kwa chuo kimaadili hakuwezi kuitwa kosa chini ya kanuni zenu kwa sababu hakuna kanuni inayogusa jambo hilo. Kwa vikosa vingine vidogo mkawawekea uangalizi wa miaka minne na faini ya dola 5,000. Gari langu la mtumba nililinunua kwa zaidi ya hapo, na mlango mmoja haufunguki.

Milioni 60 hapa, elfu 5 pale. Mtu akiniuliza sheria yenu inasemaje, nitamjibu inategemea mwaka huo magazeti yamepiga kelele kiasi gani.

Lakini msiniambie kuwa hamjui kuadhibu ukimya. Mimi naishi Ohio! Majirani zangu mpaka leo wana donge la mwaka 2012, timu ya Ohio State ilipocheza mechi 12 ikashinda 12 na hamkuiruhusu kuendelea baada ya msimu. Kosa lilikuwa nini? Wachezaji waliuza jezi, pete na vikorokoro vya ubingwa, wengine malipo yao yakawa tatuu. Kocha Jim Tressel alitumiwa habari hiyo kwa barua pepe, akaikalia kimya. Mkamshushia amri ya miaka mitano kwamba chuo chochote kitakachotaka kumwajiri kama kocha kije kijieleze kwenu kwanza. (Tressel sasa ni naibu gavana wetu, kwa hiyo hakulala njaa.) Kumbe kanuni ya kocha anayejua na kunyamaza mnayo. Mnaijua hatua kwa hatua, barua pepe kwa barua pepe. Ni kwamba mliitunga kwa ajili ya tatuu na pesa za mfukoni, na mtoto aliye bafuni hakuwamo.

Wapo wanaosema, na jirani yangu mmoja polisi mstaafu ndiye kinara wao, kwamba uhalifu una wenyewe. Mpira ni mpira, jela ni jela. Ana hoja, na nusu yake naikubali: hamna hati ya upekuzi, hamna uwezo wa kumlazimisha shahidi, na mkijifanya mahakama mtaharibu kesi za watu. Sitaki mmhukumu mbakaji. Sitaki hata mtamke nani kabaka.

Ila mahakama humtafuta mtenda. Yule mpiga deki wa mwaka 2000 hakuogopa mtenda. Sandusky kwake alikuwa mstaafu tu mwenye ufunguo. Alichoogopa ni timu: uwanja uliokuwa ukiingiza watu zaidi ya 90,000, kocha aliyekuwa anashinda tangu yeye kijana, pesa za runinga, rais wa chuo anayepeana mikono na wafadhili Jumamosi. Hofu ile haikutengenezwa na sheria ya jinai na hakimu hawezi kuivunja. Imetengenezwa na mchezo, na mchezo mwenye nao ni nyinyi. Ndiyo maana nasema mna la kuadhibu, nalo ni hilohilo, mkono wa idara ya michezo unapoziba mdomo wa mtu.

Basi iandikeni kanuni kabla, mchana, kila mtu akiiona. Mtu yeyote wa idara ya michezo, kuanzia mkurugenzi hadi mganga wa timu, akipata habari ya kudhalilishwa au kuumizwa mtu na asiipeleke nje ya idara, kwa polisi na kwa ofisi ya chuo isiyo chini ya michezo, amevunja kanuni yenu, iwe mashtaka ya jinai yatafika mahakamani au hayatafika. Akimpigia simu polisi ambembeleze alifunike, amevunja. Akimhamisha kituo aliyesema, amevunja mara mbili. Najua mna sera ya ukatili wa kingono na wakuu wa vyuo huweka sahihi kila mwaka kuithibitisha. Sahihi ya rais wa chuo ni ya mtu ambaye habari zikimfikia zimeshafuliwa na kupigwa pasi. Mkaguzi wenu akija chuoni asianzie ofisi yenye zulia. Aje saa nane usiku, akae nasi kwenye ndoo zilizopinduliwa, aulize: ukiona kitu hapa, unamwambia nani, na kesho yake nini kinakupata? Waulizeni wafua jezi. Waulizeni madereva wa basi la timu. Kwa nusu saa mtajua zaidi ya kurasa 200.

Na adhabu imfuate mtu. Ile amri ya Tressel ni nzuri, ipewe meno: mkurugenzi wa michezo aliyekalia habari asihamie jimbo la pili akalipwa vilevile. Bonasi za ushindi za miaka ile zirudi. Rais wa chuo naye asiachwe eti ni mtu wa taaluma.

Kuhusu faini ya chuo chenyewe nina kigugumizi, nakiri. Idara ya michezo ikibanwa pesa, futiboli haiguswi. Wanakata mieleka, wanakata kuogelea, wanakata mbio, yaani wanamkata Zuhura. Mkitoza, tozeni kwenye mgao wa runinga wa timu iliyofichiwa siri, na mpige marufuku kufuta mchezo mwingine kulipia. Sijui hesabu zake zitakaaje, wahasibu mnao. Kuifungia timu kabisa, kama mlivyowafanyia chuo cha SMU mwaka 1987 kwa sababu ya wafadhili kuwalipa wachezaji, mliona wenyewe: hawakucheza 1987 wala 1988, na mpaka 2009 ndipo wakaonekana tena kwenye mechi za baada ya msimu. Hamjarudia kwa timu kubwa ya futiboli tangu hapo, na mimi siwaombi mrudie.

Wachezaji nao. Mlipowaruhusu wa Penn State kuhama bila kukaa benchi mwaka mzima, mlidhani mmewatendea wote sawa. Kwa kijana wa Pittsburgh, kuhama ni kufunga mabegi. Kwa binti aliyetoka Iten au Arusha, viza yake ya masomo imefungwa kwenye jina la chuo. Akihama lazima karatasi zihame naye, akipoteza ufadhili na darasa limempotea, siku zake nchini zinahesabika. Nyumbani baba ameuza ng'ombe kwa ajili ya nauli na kijiji kizima kilimsindikiza. Binti huyo akiguswa na daktari wa timu, mnadhani atasema? Yeye na yule mpiga deki ni hofu moja. Kwa hiyo mkiadhibu chuo, ufadhili wa kila mchezaji ubaki hadi amalize, acheze asicheze, na chuo kimlipie mwanasheria wa viza. Na anayetoa taarifa asiwe chini ya kocha kwa mkataba wake wala kwa viza yake tangu siku aliyosema.

Mtanijibu kuwa nguvu zimewapungua. Tangu Jaji Claudia Wilken aidhinishe suluhu ya kesi ya wachezaji Juni 2025, vyuo vinaweza kuwagawia wachezaji mapato, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na miungano mikubwa ya vyuo imeunda tume mpya ya kuchunga malipo hayo. Vizuri. Kumbe mtu wa kuhakikisha mchezaji hajalipwa kupita kiasi amepatikana haraka, ana ofisi na ana wapelelezi. Bafuni bado niko mimi na dekio langu.

Mwezi uliopita kocha mmoja alikuja nyumbani. Mtu mpole, amevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilimkaangia mahamri na mbaazi za nazi, akala manne, akaomba la tano limfungiwe kwa safari. Akaweka mkono kifuani akaniambia Zuhura atalelewa kama bintiye. Zuhura alikuwa anang'aa kama taa. Nami kwa adabu za kwetu, mgeni yuko mezani, sikumuuliza nililotaka kumuuliza.

Anarudi Jumamosi na karatasi za kusaini. Safari hii chai itasubiri. Nitamuuliza: kwenye jengo lako nani anapiga deki usiku, anaitwa nani, na akikuona wewe unakosea anampigia nani simu? Nikimwona anahangaika nitampa kalamu aandike namba, na nitaipiga palepale sebuleni nione nani anapokea.

Wenu,
Mama Zuhura
Zamu ya usiku, Ohio